Goti la Kushoto

Siku esansi, yaani petroli, ilipoingia mjini, Bujumbura nzima ilikuwa barabarani inasukuma magari. Si kwamba magari yalikuwa mabovu. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna mwenye akili anayewasha injini ili asogee hatua mbili halafu azime tena. Unachoma kile kidogo ulichokuja kukiongeza. Kwa hiyo watu walishuka, wakaweka mabega, wakasukuma, wakapumzika, wakalalamika kidogo, wakasukuma tena. Nura alikuwa mmoja wao. Baba yake, Mzee Thabit mwenye duka la vitambaa mjini, alimwachia gari tangu asubuhi ashike nafasi, kisha akaenda zake dukani, kama kawaida ya wazee wenye mabinti wasiojua kukataa.

Alivaa abaya ya rangi ya kahawa yenye nakshi nyembamba mikononi, na viatu visivyofaa kabisa kusukumia gari. Jua lilikuwa linaunguza bati, na udi aliojifukiza asubuhi ulikuwa umeshashindwa na harufu ya mafuta. Kila foleni iliposogea alishika usukani kwa mkono mmoja, fremu ya mlango kwa mkono wa pili, akasukuma. Mara gari likawa jepesi. Akageuka. Kulikuwa na mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijani iliyofifia, ameegemeza mikono kwenye buti anasukuma bila kuombwa.

Foleni iliposimama Nura akamshukuru. Yule mtu akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama miguu, si uso, akasema:

"Dada, unasukuma na muguu moja. Wa kushoto umeupumzisha tu. Utachosha ule mwingine."

Wewe ungecheka. Nura hakucheka. Alimjibu kwamba miguu yake haimhusu, akaingia garini akafunga kioo, na joto lote lile. Mwanamume akarudi nyuma kusukuma gari la kaka yake, na Nura akabaki anamchungulia kwenye kioo mpaka zamu yake ilipofika.

Lazima niwaambie sababu, la sivyo mtasema ana kiburi. Miaka miwili kabla ya hapo, Nura aliteleza kwenye ngazi za ghala la baba yake akiwa amekumbatia jora la kitambaa, goti la kushoto likageukia kusikotakiwa. Akapasuliwa, akapona kiasi cha kutembea. Wakati huo alikuwa ameshaposwa. Siku moja akaja dukani mama mmoja mpole, ananukia vizuri, akataka kitambaa cha rafu ya juu kabisa. Nura akapanda ngazi akakiteremsha. Mama akataka kingine, cha juu vilevile. Halafu kingine. Hakununua hata kimoja. Wiki haikuisha, posa ikarudi na maneno matamu kwamba mambo ya kheri hayana haraka. Baadaye ndipo ikajulikana yule mama alikuwa ametumwa kumuulizia. Ndiyo desturi yetu: kabla ya ndoa watu hutuma mtu amchunguze binti kimyakimya, na jibu alilopeleka yule mama ni kwamba binti anashuka ngazi kama mbuzi aliyevunjika. Mimi sina subira na watu wanaomkagua msichana kama wanabonyeza parachichi sokoni, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa, mchumba kuondoka halikuwa jambo lililomuuma zaidi. Kilichomuuma kilikuwa kiti. Tangu aanguke, Nura alisali juu ya kiti cha plastiki cheupe, anainama hewani wenzake wakiweka paji la uso chini. Dini imeruhusu, alijua. Lakini alitaka kusujudu kama watu, na kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Kwa ajili ya hilo tu alijiandikisha kwenye sale moja, ukumbi wa mazoezi huko Kinindo, saa za asubuhi za wanawake, kwa mwalimu aliyeitwa Rosette. Kisha Rosette akaolewa akahama, na mwenye sale akamtafuta mwingine.

Asubuhi ya kwanza ya mwalimu mpya, Nura aliingia na shangazi yake nyuma. Hilo lilikuwa sharti la Mzee Thabit aliposikia kocha mpya ni mwanamume: mlango ubaki wazi, wanawake wengine wawepo, na Shangazi Mwantum akae pale pale. Shangazi alikuwa amerudi juzi tu kutoka Rumonge alikoishi maisha yake yote ya ndoa. Alikuja na tasbihi, chupa ya chai na mkeka, akachagua kona yenye upepo wa ziwa. Nura alikuwa amevaa suruali pana nyeusi, kanzu fupi iliyofika magotini, na mtandio uliobana. Akamwona kocha, akasimama.

"We," akasema.

"Mi," akajibu yule wa fulana ya kijani. "Gari lilipata esansi?"

Aliitwa Shakuru, mtu wa Buyenzi, mtoto wa mafundi wa magari, na kabla ya hapo alifundisha timu ya mpira huko Ngagara. Hayo Nura aliyapata kwa Lisette, msichana wa mapokezi anayejua habari za kila mtu na hasemi nyingi, ndiyo maana amedumu kazini. Nura alitaka kujua nani amemleta. Lisette akasema alikuja mwenyewe kuomba kazi. Lini? Juzi, baada ya Rosette kuondoka. Nura akahesabu kichwani. Juzi hiyo hiyo baba yake alikuwa ametaja, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba kuna watu wa Kigobe wana kijana wao, Nawaf, na wameonyesha nia ya kumposa. Mtu wa foleni aliyemtazama miguu, na sasa huyu hapa, analipwa kuitazama. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo huu ulikuwa mrefu, unatabasamu.

Shakuru hakumgusa hata kidole. Alikuwa na mti wa fagio uliotolewa fagio lake. Akamwambia auweke mgongoni, uguse kisogo, uguse mgongo, uguse kiuno, kisha ainame kana kwamba anafunga mlango kwa makalio mikono ikiwa imejaa. Mti ukiachana na mwili mahali, hapo ndipo anapojidanganya. Nura akainama, mti ukaachana kiunoni. Akarudia. Shakuru akasema vizuri, kwa sauti isiyomsifu mtu bure, kisha akaanza maswali.

Ukishuka ngazi unatanguliza mguu gani? Nura akajibu. Unalala upande gani? Akasita, akajibu. Swali la tatu lilikuja kama mengine, kocha akiwa anasogeza benchi wala hamtazami.

"Na ukisali, unakaa wapi?"

Nura akaweka mti chini. "Nani amekutuma?"

"Anitume wapi?"

"Hilo swali. Nani alikuambia uniulize?"

Shakuru akaacha benchi. "Hakuna mutu. Mi nataka kujua goti linakunjika mpaka wapi. Mutu anayesali, goti lake linakunjika kuliko la mucheza mupira. Kama halikunjiki, basi nimejua kazi yetu iko wapi."

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ndio uliomtisha. Yule mama wa dukani naye alikuwa na majibu mazuri. Mambo yakaharibika zaidi Shakuru alipotoa simu na kumwomba amchukue video, miguu tu, toka magotini kushuka chini, aone mwenyewe anavyokanyaga. Nura akakataa kwa sauti iliyowafanya wanawake wengine wageuke. Shakuru akatazama simu yake, akaelewa kitu, akaenda kuiacha mezani kwa Lisette. Kuanzia siku hiyo hakuingia nayo tena ukumbini. Nura aliliona hilo pia, akasema moyoni: anajifanya.

Lakini kazi ilikuwa kazi. Kukaa kwenye benchi na kuinuka bila kujitupa, chuma kidogo kimeshikwa kifuani. Kupanda kisanduku na mguu wa kushoto, kisha kushuka nao, na hapo ndipo palipokuwa na moto. Mapaja yalitetemeka, jasho lilimwingia machoni.

"Polepole," Shakuru alisema. "Kupanda kila mutu anapanda. Kushuka ndiyo kazi."

"Nashuka polepole."

"Apana. Unaanguka na adabu kidogo. Hata kiboko wa hapa Kinindo anaingia majini taratibu kuliko we."

Wanawake wakacheka. Nura alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia. Konani Shangazi Mwantum alikoroma, tasbihi ikining'inia kidoleni. Alikoroma siku hiyo, na siku zote zilizofuata.

Mvua zikaja, na benchi likashuka. Shakuru alilibadilisha kwa kisanduku, kisanduku kwa kingine kifupi zaidi, bila kusema, hivi kwamba Nura aligundua tu kwamba anachuchumaa mahali ambapo zamani angelia. Jioni Shakuru alianza kupiga simu. Mwanzoni ilikuwa ya kazi. Baadaye wote wawili walijua si ya kazi, wakaendelea kuiita ya kazi.

"Muguu umelala?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Muguu umelala. Mwenye muguu anashindwa hata kukaa kwenye mto."

"Hiyo ni dalili nzuri."

"Kwako kila kitu ni dalili nzuri, Bwana Fagio."

"Ukinyamaza ndiyo ningeogopa. Kama unatukana, uko sawa."

Walizungumza habari za vitambaa, na za kaka yake Shakuru anayeimba chini ya magari kwa sauti mbaya, na za mama yao, Khadidja, ambaye hajawahi kukubali kwamba kufundisha watu kuchuchumaa ni kazi. Nura alianza kuisubiri simu hiyo. Alianza kuchagua mtandio wa kwenda nao mazoezini, jambo la ujinga kwa sababu wote huishia kulowa. Na kadiri alivyompenda ndivyo alivyozidi kumshuku. Kwa nini mtu huyu ana subira kiasi hiki? Kwa nini hajawahi kuuliza hata mara moja alivyoumia? Anayetaka habari huuliza. Labda ambaye anazo tayari haulizi.

Kisha akaona gari. Asubuhi moja alifika mapema kidogo, akakuta gari safi limesimama langoni kwa sale, mwanamke mwenye miwani myeusi na bangili nyingi ametoa kichwa dirishani, na Shakuru ameinama anazungumza naye. Mwanamke alimshika mkono kama anayemsihi. Shakuru akautoa mkono, akarudi nyuma, gari likaondoka. Nura alimtambua: mama mdogo wa Nawaf, wa Kigobe, aliwahi kumwona harusini.

Alipomuuliza ni nani yule, Shakuru alikuwa anapanga vyuma. Hakugeuka.

"Mutu tu. Alipotea njia."

Hapo ndipo moyo wa Nura ulipofunga mlango. Alimaliza mazoezi yote siku hiyo, chuma kikiwa kizito kuliko kawaida yake, akaenda nyumbani akawaza. Akapata wazo. Kama huyu mtu anapeleka habari, basi apewe habari ya kupeleka, ya uongo, ambayo haimo katika kichwa cha mtu mwingine yeyote duniani. Ikirudi, itakuwa imetoka kwake.

Siku iliyofuata, wakati wa kupumzika, alijishika kiuno upande wa kulia, akakunja uso, akamwambia Shakuru kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo hakumwambia. Ndani ya nyonga ya kulia kuna chuma kimefungwa kwa skrubu, tangu alipoanguka. Hakuna anayejua zaidi ya madaktari. Shakuru alimtazama, safari hii usoni, kwa muda. Akasema sawa, asante kwa kuniambia. Kisha akampa zoezi lile lile la jana, bila kupunguza chochote. Konani Shangazi alikuwa anakoroma.

Haikuchukua muda. Mchana Mzee Thabit alimpigia simu Nura, aliyekuwa anamshikia duka, sauti ya mzee imechanganyikiwa. Watu wa Kigobe wamempigia. Wanauliza kwa heshima kama ni kweli binti ana chuma ndani ya nyonga ya kulia, na kama atazaa bila taabu. Nyonga gani, Mzee aliuliza, si goti? Kuna nini mnanificha? Nura alimtuliza baba yake, akakata simu, akakaa juu ya majora ya vitambaa. Alikuwa ameshinda. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake hakuvua hata abaya. Alimkuta Shakuru ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Nilikuambia we peke yako," akasema.

Shakuru akakiweka chini taratibu. "Nyonga yako ya kulia haina kitu. Nimeiona inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Ulinidanganya, nikanyamaza. Nilisema mutu akificha kitu ana sababu yake."

"Usinigeuzie maneno. Watu wa Kigobe wamejuaje?"

"Sijui."

"Na yule mwanamke wa gari?"

Akakaa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomhukumu, na yeye mwenyewe alijua kinamhukumu.

"Nikikuambia, utaniamini?" akauliza mwishowe.

Nura akaurudisha mtandio vizuri, akatazama mlango.

"Bo, sawa," akasema Shakuru. "Basi siwezi kukufundisha tena. Mutu akibeba chuma mbele ya mutu asiyemuamini, ataumia. Lisette atakutafutia mwingine." Akachukua ule mti wa fagio, akaupeleka konani ulipokaa siku zote, akatoka nje. Jioni ile simu haikulia. Wala iliyofuata.

Watu wa Kigobe nao walileta salamu kwamba mambo ya kheri hayana haraka. Maneno yale yale, utadhani wanayanunua duka moja. Nura alishangaa kuona hayamwumi hata kidogo. Kilichomwuma ni simu isiyolia.

Basi jioni moja, wakati wa Magharibi, alikisukuma kando kiti chake cheupe kwa hasira tu, akataka kujaribu kusali chini. Alikunja goti. Liliuma, lakini lilikunjika. Shangazi Mwantum, aliyekuwa anatandika mswala wake pembeni, akamrukia kumshika kwapa.

"Taratibu, mwanangu. Hicho chuma cha nyongani kisije kikachomoka."

Nura akabaki amepiga goti moja. "Chuma gani, Shangazi?"

"Si hicho ulichomwambia yule kijana. Na mimi, damu yenu, mkanificha. Nimesononeka, lakini nimesamehe."

"Si ulikuwa umelala?"

"Nakoroma. Sijasema nalala."

"Shangazi, umemwambia nani?"

Mwantum akamshangaa, kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Watu wakitaka kuposa wanauliza kwa nani kama si kwa shangazi? Walinipigia. Wakaniuliza kwa jina la Mungu, je, binti ana dosari? Ningewadanganya? Anayeombwa ushauri ni mwaminiwa. Nikawaambia ana chuma nyongani, lakini ana tabia nzuri na anapika."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila huyu alikuwa amekula kwa uchaji Mungu kabisa. Na Nura, aliyezaliwa ndani ya desturi hii, aliyeumizwa nayo, aliyeweka mtego kwa akili zake zote, alikuwa amesahau kitu kimoja tu ambacho kila mtoto wa Kiislamu wa Bujumbura anakijua: wa kwanza kuulizwa ni shangazi. Aliletewa mlinzi dhidi ya mpelelezi, na mlinzi ndiye aliyekuwa na masikio. Akaanza kucheka, akiwa amepiga goti vilevile, kicheko kikageuka machozi, na Shangazi akamsomea dua kichwani akidhani nyonga imeanza.

Alimpigia Shakuru. Hakupokea. Akamtumia ujumbe wa sauti, maneno machache: alikuwa Shangazi, si wewe, nimekukosea, nisamehe. Alama zikaonyesha ameusikia. Jibu halikuja. Asubuhi Shangazi ndiye aliyevaa kwanza. Alisema yeye ndiye aliyevunja chungu, kwa hiyo lazima aende akakiombee radhi, na hakuna atakayemzuia.

Karakana ya kaka yake Shakuru iko Buyenzi, kwenye barabara ambayo kila mlango ni karakana na kila mtu anagonga kitu. Nura alivaa abaya ya bluu iliyokoza na mtandio wa rangi ya maziwa, akauinua upindo usiguse oili. Shakuru akatoka chini ya gari akijivuta kwa mgongo, amelowa grisi, akaona viatu viwili vya kike na vingine viwili vya kizee. Akaketi pale pale chini.

Shangazi alianza kwa salamu ndefu na kuomba radhi kwa jina la marehemu mume wake. Shakuru alimjibu kwa heshima, akamwita mama, akampa tairi safi akalie. Kisha akamtazama Nura.

"Nimekuja kuomba radhi," Nura akasema. "Mbele ya watu, maana nilikushutumu mbele ya watu."

"Nilisikia ujumbe."

"Mbona hukujibu?"

"Nilikuwa natafuta la kujibu." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Nikikusamehe leo, kesho utaona gari lingine, utanishuku tena. Sio kwamba we ni mubaya. Watu wamekuulizia sana nyuma ya mugongo wako, umechoka. Basi sasa ulizia we."

"Nimuulizie nani?"

"Mi. Tuma mutu. Aulize mama yangu, aulize imamu wetu, aulize yule jirani tuliyegombana juu ya ukuta, huyo ataniharibia kabisa. Aulize mupaka achoke. Akikuletea mabaya, utakuwa umejua. Akikuletea yanayovumilika, mi nami nitatuma watu wangu kwa baba yako, waingie kwa mulango wa mbele."

Nyundo za jirani ziliendelea kugonga. Nura alihisi uso unamwaka mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu foleni ile ya esansi hakutafuta kilichojificha nyuma ya maneno ya mtu huyu. Shangazi Mwantum alikuwa ameshainuka kutoka kwenye tairi.

"Mama yake anakaa wapi?" akauliza. "Nianze na yeye kabla ya adhuhuri."

Aliulizia mpaka jioni, na alirudi na mzigo. Shakuru ni mkaidi. Anakula kama watu wawili. Akikasirika ananyamaza, na hilo ni baya kuliko kelele. Jirani wa ukuta amesema hamtaki hata kumwona, halafu akakiri kwamba mkewe alipougua usiku, ni huyo huyo aliyembeba mpaka kwenye teksi. Kisha Shangazi akashusha sauti. Mama Khadidja amemwambia jambo. Yule mwanamke wa Kigobe hakuishia langoni kwa sale. Alikwenda mpaka nyumbani kwao na zawadi ya vitambaa, amwombe mama amlegeze mwanawe aseme hali ya miguu ya binti. Shakuru alimrudisha na vitambaa vyake. Alisema yeye kazi yake ni kufundisha miguu, si kuitangaza.

"Mbona hakuniambia?" Nura akauliza.

"Mama yake alimuuliza hivyo hivyo. Akajibu, nitamwambiaje kwamba wamemweka tena kwenye mizani, na ndiyo kwanza ameanza kutembea ameinua kichwa?"

Nura alichukua simu akaenda nayo uani. Ililia mara moja tu, Shakuru akapokea.

"Uliniambia alipotea njia," akasema.

"Alipotea kweli."

Akacheka, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Shakuru akauliza kwa sauti ya mpenzi, ambayo hakuwahi kuitumia ukumbini: "Sheri, muguu umelala?"

"Umelala," Nura akasema. "Yote miwili."

Mzee Thabit alinuna alipoambiwa. Alinunia Buyenzi, alinunia fulana ya kijani, alinunia mkwe ambaye kazi yake ni kuinamisha watu. Hakusema hapana, hakusema ndiyo, alikunywa chai yake akitazama ukuta. Nura hakubishana naye. Alirudi Kinindo, Shangazi konani akiwa macho wazi sasa na akitoa maoni, akaendelea kushuka na kupanda, goti la nyuma likigusa mkeka, paji likifuata, kisha juu, bila mkono. Alfajiri moja Mzee alitoka chumbani kwenda kutawadha, akapita mlango wa sebule. Akamwona binti yake ameweka paji la uso chini. Akasimama akingoja kumsaidia, kama alivyozoea. Nura akainuka mwenyewe, akasimama wima, akainua mikono. Mzee Thabit alikaa kwenye ngazi mpaka maji ya udhu yakapoa. Asubuhi alimwambia dada yake Mwantum, bila kumtazama, kwamba hao watu wa Buyenzi wakitaka kuja, waje.

Walikuja Ijumaa baada ya sala: wazee wa makamo, kanzu zimepigwa pasi vizuri, na msemaji wao mwenye ndevu nyeupe. Shakuru alikaa nyuma kama desturi inavyotaka, mdomo umefungwa, kanzu nyeupe inambana mabega. Nura alikuwa nyuma ya pazia, gauni la kijani lenye nyuzi za dhahabu, hina mbichi bado mikononi. Maneno yakaenda na kurudi, vikombe vya kahawa vikaenda na kurudi. Kisha msemaji akakohoa, akauliza lile linaloulizwa siku zote: je, kuna jambo lolote kuhusu binti ambalo inapaswa walijue?

Mzee Thabit akafungua mdomo, akaufunga. Shangazi Mwantum, nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake, hakusema kitu. Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya Nura mwenyewe, tulivu.

"Goti la kushoto. Lilipasuliwa. Mvua ikija linauma, na huenda litauma mpaka uzee."

Msemaji wa Buyenzi hakushtuka. Aliweka kikombe chini, akamgeukia Mzee Thabit.

"Aliyetutuma alituusia," akasema. "Alisema wakitaja goti, waambieni mi nilianzia hapo."

Nyuma ya pazia mtu akavuta makamasi, halafu akacheka. Mzee Thabit alijifuta macho na upindo wa kanzu yake akisingizia moshi wa udi. Wakainua mikono kusoma Fatiha, na wageni walikuwa wengi kiasi kwamba viti havikutosha. Shangazi Mwantum alikuwa amekalia kile cheupe cha plastiki, na hakuna aliyemwambia ainuke.